Jitolee kuyapima maombi ya ufadhili

Ukisikia neno kujitolea katika ukurasa wa afya, bila shaka utafikiria kutoa damu, kuwatunza wagonjwa au kufagia uwanja wa zahanati. Hizo zote ni kazi njema. Wiki hii nataka tuzungumzie kazi nyingine ambayo watu wachache huijua. Ni kazi ya kuketi, kuyasoma maombi ya fedha yaliyoandikwa na vikundi vya kijamii, na kushauri ni mradi upi unaostahili kusaidiwa na ni upi usiostahili.

Huenda ukauliza, je, jambo hilo lina uhusiano gani na afya? Uhusiano upo, tena mkubwa. Fedha za msaada hazitoshi kamwe. Kila shilingi inayopewa mradi usiofaa imenyimwa mradi ambao ungemfikishia mama mja mzito chandarua, au ungemlipia nauli mgonjwa wa kifua kikuu amalize dawa zake. Daktari akitibu bila kupima, mgonjwa huumia. Mfadhili naye akitoa fedha bila kupima, wanaoumia ni watu ambao hatawaona.

Eneo letu hili, kutoka Busia kupitia Alupe hadi Malaba, limejua misaada kwa miaka mingi. Alupe yenyewe ilijulikana tangu enzi za ukoloni kwa hospitali ya ukoma, na kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Tiba nchini, yaani KEMRI, kilichopo hapa kilianza kwa kutafiti ukoma na magonjwa ya ngozi. Mpakani kuna matrela, wafanyabiashara, waendeshaji boda boda na nyumba za kulala wageni. Malaria haituachi mwaka mzima. Kwa sababu hiyo vikundi vya kujisaidia ni vingi, na maombi ya fedha ni mengi zaidi.

FEDHA ZILIVYOANZA KUFIKA VIJIJINI

Novemba 1999, Rais Daniel arap Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la taifa, na mwaka huo huo Baraza la Taifa la Kudhibiti Ukimwi likaundwa. Mwaka 2000 Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 50 kwa vita hivyo, na mwaka 2007 ikakubali mradi mwingine wa dola milioni 80. Sehemu ya fedha hizo ilikusudiwa kuvifikia vikundi vya kijamii moja kwa moja. Tangazo lilitolewa, vikundi vikaandika maombi, na kamati za Ukimwi za maeneo bunge zikawa miongoni mwa waliotakiwa kuyachambua.

Hapo ndipo mwalimu mstaafu, muuguzi, mchungaji, imamu na kiongozi wa vijana walipojikuta wamekabidhiwa rundo la karatasi na kuambiwa, 'Chagueni.' Baadhi yao hawakuwa wamewahi kuona makadirio ya matumizi yaliyoandikwa. Wengi walijifunza kazi hiyo wakiifanya. Miaka hiyo pia ilizaa vikundi ambavyo ofisi yake ilikuwa mkoba wa mtu mmoja, na wanachama wake ni majina yaliyonakiliwa kutoka orodha ya mazishi au ya harusi.

Siku hizi fedha zimepungua. Mapema mwaka 2025 Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Kikapu kinapokuwa kidogo, mgawaji hutakiwa kuwa mwangalifu zaidi. Ndiyo sababu naandika haya sasa.

KAZI YENYEWE IKOJE?

Kwa kawaida mfadhili, awe ni kanisa, msikiti, shirika la kigeni, kampuni au hazina ya umma, hutangaza kiasi cha fedha na masharti yake. Vikundi huleta maombi kabla ya siku ya mwisho. Karani huondoa yale yasiyotimiza masharti, kwa mfano kikundi kisicho na cheti cha usajili. Yanayobaki hugawiwa wapimaji. Ni vyema kila ombi lisomwe na watu wawili au watatu, kila mmoja peke yake, akilipa alama bila kujua mwenzake amelipa ngapi. Baadaye hukutana. Alama zikitofautiana sana, hujadiliana hadi wajue sababu. Yale yaliyo mbele hutembelewa nyumbani kwake kabla ya uamuzi.

Hata duniani njia ni hiyo hiyo. Hazina ya Kimataifa ya Kupambana na Ukimwi, Kifua Kikuu na Malaria, iliyoanzishwa mwaka 2002, ina jopo la wataalamu wa kujitegemea ambao huyachambua maombi ya nchi kabla bodi haijatoa fedha. Mtaalamu haruhusiwi kulipima ombi la nchi yake mwenyewe. Ikiwa sharti hilo linafaa kwa mamilioni ya dola, linafaa pia kwa shilingi laki mbili za kijijini.

TUNAYOJUA KUTOKANA NA BUSIA YETU

Mpimaji mzuri hujiuliza, je, jambo hili limewahi kujaribiwa, na lilileta matokeo gani? Hapa tuna bahati, kwa sababu Busia ni mojawapo ya sehemu za Afrika ambazo miradi ya misaada imechunguzwa sana.

Kuanzia mwaka 1998 shirika moja liliwapa wanafunzi wa shule 75 za msingi hapa Busia dawa za minyoo. Wataalamu wa uchumi Edward Miguel na Michael Kremer waliufuatilia mradi huo, na mwaka 2004 wakachapisha kwamba utoro shuleni ulipungua kwa robo. Baadaye wanasayansi walibishana kuhusu ukubwa wa faida hiyo, lakini dawa yenyewe ni rahisi, ni salama, na mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianza kuitoa mashuleni. Kremer alikuwa mmoja wa watu watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019.

Chukua mfano wa vyandarua. Maombi mengi husema, 'Tutawauzia watu kwa bei ndogo ili wavithamini.' Maneno hayo hupendeza sikioni. Lakini utafiti wa Jessica Cohen na Pascaline Dupas katika kliniki za kina mama waja wazito hapa magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba chandarua kilipotolewa bure karibu wote walikichukua. Kilipouzwa kwa shilingi 40 tu, zaidi ya nusu hawakukichukua. Na waliopewa bure hawakukipuuza. Walikitumia sawa na walionunua.

Mfano wa tatu ni chemchemi. Kuzijengea chemchemi za Busia kwa saruji na mfereji kulipunguza sana uchafu wa maji pale yanapotoka, na kuhara kwa watoto kukapungua kwa robo hivi. Hata hivyo maji yaliyopimwa nyumbani hayakuwa safi kiasi hicho, kwa maana yalichafuka njiani na katika mitungi. Kwa hiyo ombi la kujenga chemchemi likikosa kusema lolote kuhusu vyombo, klorini na kunawa mikono, lipunguzie alama na uwaombe waliongeze.

FEDHA ZINAPODHURU KIKUNDI

Sasa naomba usome kwa makini, kwa sababu jambo hili ndilo huwashangaza watu wengi. Watafiti Mary Kay Gugerty na Michael Kremer walivichunguza vikundi vya kina mama vya magharibi mwa Kenya vilivyopewa ufadhili, wakavilinganisha na vingine ambavyo vilikuwa bado havijapewa. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2008. Fedha zilipoingia, wanawake wenye umri mdogo zaidi, wenye elimu zaidi na wenye kazi za mshahara walijiunga. Wageni hao, pamoja na wanaume, wakachukua vyeo. Akina mama wazee, ambao ndio maskini kuliko wote, wakazidi kutoka.

Msomaji, fikiria maana yake. Mfadhili alivutiwa na kikundi kwa sababu ni cha wanyonge. Fedha zake zikawaondoa wanyonge hao hao. Hapakuwa na mwizi hata mmoja, na huenda hesabu zote zilikuwa sawa.

Kwa hiyo usiulize tu kama kikundi kitazitunza fedha. Uliza pia kama fedha zitakiacha kikundi kikiwa kile kile. Kikundi kinachochanga shilingi 50 kwa wiki hakifai kupewa shilingi milioni moja kwa siku moja. Kianze na kidogo, kwa awamu, na katiba yake iseme wazi ni nani anaweza kuchaguliwa mweka hazina na wanachama wapya wataingiaje.

MAOMBI MATATU, FEDHA ZA MOJA

Ili uelewe uzito wa kazi hii, nitakupa mfano kutokana na mwaka mmoja nilipokuwa miongoni mwa wapimaji. Sitataja majina ya vikundi wala ya mfadhili. Baada ya kuchagua miradi iliyo dhahiri, tulibaki na maombi matatu na fedha za mradi mmoja tu.

Ombi la kwanza lilikuwa limepigwa chapa vizuri kwa Kiingereza safi, lenye majedwali na picha za rangi. Lilitaka kuelimisha vijana kuhusu Ukimwi. Zaidi ya nusu ya fedha ilikuwa ya semina, posho na kompyuta. Tulipotembelea ofisi iliyotajwa tulikuta duka lililofungwa. Kati ya wanachama sita tuliowapata kutoka kwenye orodha, wanne hawakujua kwamba wao ni wanachama. Hilo halikutusumbua akili, tuliliweka kando.

La pili liliandikwa kwa mkono, kwa kalamu mbili tofauti, na kikundi cha wajane wanaolea wajukuu. Walitaka kununua dawa za malaria na viuavijasumu, wawape watoto wanaoumwa usiku. Ombi hilo lingeweza kutupwa kwa sababu ya maandishi yake. Lakini walipotufungulia sanduku lao, tulikuta kitabu cha michango cha miaka mitatu, kila wiki ina tarehe, na penye mtu asiyejua kuandika pana alama ya kidole gumba. Mwenyekiti wao akasema, "Daktari, kizungu hatuna, lakini hesabu iko."

Shida ilikuwa dawa. Homa si lazima iwe malaria. Shirika la Afya Duniani limeagiza tangu mwaka 2010 kwamba mgonjwa apimwe kwanza, kisha atibiwe. Dawa zikikaa nyumbani bila mtaalamu, mtoto mwenye nimonia anaweza kupewa ya malaria akafa, na viuavijasumu vikitumiwa ovyo huzoeleka na vijidudu. Nilimweleza mwenyekiti hivyo. Aliniuliza, "Sasa usiku, mtoto akiwaka moto, mama afanye nini?" Swali lake lilikuwa la haki. Shida yao ya kweli haikuwa dawa bali safari: pikipiki usiku huwa ghali, na mjane hana akiba.

La tatu lilitoka Malaba. Wanawake wanaofanya kazi katika mabaa walitaka kuwapeleka wenzao na madereva wa matrela kupimwa virusi vya Ukimwi, na kuwafuatilia walioacha dawa. Lilikuwa ombi zuri. Watu wake walijulikana, wahudumu wa kliniki waliwathibitisha, na bajeti ilikuwa ndogo.

Tulibishana jioni nzima. Mmoja wetu alisema mabaa hayafai kufadhiliwa. Tukamwambia kwamba tumeitwa kupima mradi, hatukuitwa kuhukumu maisha ya watu. Mwishowe tuliwapa wajane, kwa sharti kwamba wabadilishe dawa iwe mfuko wa nauli ya dharura na vyandarua, na kwamba mhudumu wa afya wa kijiji awe pamoja nao. Sababu yetu ilikuwa kwamba Malaba kulikuwa na watu wengine waliokuwa wakifanya kazi kama ile, na kijijini kwa wale wajane hapakuwa na yeyote. Kikundi cha Malaba hakikupata chochote mwaka ule. Naamini sababu ilikuwa nzito, lakini siwezi kukwambia kwamba hakuna aliyeathirika. Ukiifanya kazi hii, utawanyima watu wema. Ndiyo maana ni lazima uifanye kwa haki, na uweze kueleza sababu yako mbele ya yule uliyemnyima.

MASWALI YA KUJIULIZA

Unapolisoma ombi lolote la mradi wa afya, weka kalamu na karatasi kando yako, ujiulize haya:

1. Shida ni ya nani, na ni nani aliyeisema? Je, walioathirika walihusishwa, au wamesemewa?

2. Jambo linalopendekezwa linafaa kitabibu? Kwa mfano, ombi la kuwajengea wagonjwa wa ukoma nyumba za kando halifai leo. Ukoma hutibika kwa dawa, na mgonjwa akianza matibabu hawezi tena kuwaambukiza wengine, kwa hiyo hukaa na jamaa zake. Vilevile, kugawa viatu pekee hakutamaliza funza ikiwa sakafu ya nyumba ni vumbi ambamo viroboto hao huzaliana.

3. Je, huduma hiyo ipo tayari? Muulize mhudumu wa afya ya jamii na msimamizi wa zahanati iliyo karibu.

4. Fedha zinaenda wapi? Chora mstari chini ya posho, semina, usafiri na vifaa vya ofisi. Vikizidi kile kinachomfikia mgonjwa, uliza kwa nini.

5. Bei ni za kweli? Nenda sokoni. Ukiona baiskeli ya shilingi elfu 40 wakati inauzwa kwa nusu ya hiyo, umejua jambo.

6. Kikundi kimewahi kufanya nini bila mfadhili? Kitabu cha michango husema kweli kuliko barua ya sifa.

7. Fedha zikiisha, ni nini kitakachobaki? Lakini usidai muujiza. Wajane hawawezi kugeuka kuwa hospitali inayojitegemea baada ya miezi 12.

8. Nani anaweza kudhurika? Orodha ya wenye virusi vya Ukimwi itatunzwa wapi, na nani ataisoma?

Usikipunguzie kikundi alama kwa sababu ya lugha. Mtu anayejua kulieleza jambo lake kwa Kiswahili au Kiteso asinyimwe fedha kwa kuwa hakuwa na pesa za kumlipa mwandishi wa mjini. Kama mfadhili anataka Kiingereza, mwombe akubali maelezo ya mdomo pia.

MASHARTI YA KUJITOLEA

Kwanza, ikiwa ombi limeletwa na ndugu yako, shemeji yako, kanisa lako au kikundi unachokichangia, sema mapema, utoke nje linapojadiliwa. Katika vijiji vyetu karibu kila mtu ni jamaa wa mtu, kwa hiyo si aibu kusema. Aibu ni kunyamaza.

Pili, usipokee kitu. Kuku aliyeletwa wiki moja kabla ya uamuzi si zawadi.

Tatu, tunza siri. Yaliyosemwa katika kamati yasisikike kituo cha boda boda.

Nne, waandikie walioshindwa. Kikundi kilichokataliwa bila sababu hukata tamaa au hudhani kiliibiwa. Mistari mitano ya kueleza kilichopungua inaweza kukisaidia kushinda mwaka unaofuata.

Tano, kabla hujakubali, muulize mfadhili maswali yako pia. Je, ushauri wenu utafuatwa, au mmeitwa kutia muhuri uamuzi uliokwisha kufanywa? Nauli ya kuvitembelea vikundi itatoka wapi? Ukikuta kwamba washindi wamejulikana kabla ya maombi kusomwa, kataa kwa heshima uende zako.

NANI ANAFAA?

Usidhani kwamba ni madaktari tu. Muuguzi mstaafu anajua dawa. Mwalimu anajua kusoma kwa haraka na kutoa alama kwa haki. Mwenye duka anajua bei. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alupe anaweza kusaidia katika hesabu. Mama aliyewahi kuishi kwa msaada anajua kile ambacho sisi sote hatukijui. Kamati yenye watu wa aina moja hukosea kwa namna moja.

Kazi hii huchukua siku chache kwa mwaka. Ombi moja huhitaji saa moja au zaidi likisomwa vizuri, kwa hiyo usikubali kupewa maombi 20 kwa usiku mmoja. Ukitaka kuanza, nenda kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo yako, au kwa kamati ya zahanati, au kwa shirika la dini unaloliamini, uwaambie kwamba uko tayari kusoma. Wengi wao hupata watu wa kuomba fedha kila siku. Wa kujitolea kuyasoma maombi huwapata kwa nadra.

Na ikiwa wewe ndiwe unayeandika ombi, yachukue maswali yale manane uyajibu kabla hujaulizwa. Kikundi chenye majibu hayo, hata kama kimeandika kwa kalamu mbili, kitasikilizwa.